Picha mbili za kifua cha Baba



Nyumbani kwetu Bukavu, ndani ya sanduku la Mama, chini ya vitenge vyake vya sikukuu, imo bahasha moja kubwa ya rangi ya kaki. Pembe zake zimechakaa, na jina la Baba lililoandikwa juu yake kwa wino limefifia. Zilizomo si picha za arusi wala za ubatizo. Ni picha za kifua cha Baba. Mbili kati yake, moja ya mwaka 2011 na nyingine ya mwaka 2019, ndizo twataka kuwaeleza leo. Picha hizo zilimwokoa mzee wetu na mjukuu wake. Tena zilituonyesha sisi watoto wake, tuliojidhania kuwa watu wenye elimu, jinsi tulivyokuwa karibu kuwapoteza wote wawili.

Baba alifanya kazi katika machimbo ya Katanga kwa muda wa miaka 22. Alikuwa mtu wa chini ya ardhi: alitoboa mwamba kwa mashine, akavuta vumbi lake tangu asubuhi hata jioni. Aliporudi Kivu mwaka 2004 alikuwa bado na nguvu za kulima na kujenga. Lakini kila alipopanda mlima wetu alisimama mara mbili njiani, akijifanya anatazama ziwa. Sisi tulicheka, tukasema: «Mzee apenda kutazama maji.» Kumbe, alikuwa anatafuta pumzi.

Mwaka 2011 alikohoa sana, akaenda peke yake kupigwa picha ya kifua. Aliporudi alisema neno moja tu: «Ni vumbi.» Mama akaichukua bahasha, akaiweka sandukuni. Hatukuuliza zaidi.

Mwaka 2019 kikohozi kilirudi kwa namna nyingine. Baba alikohoa usiku kucha, jasho likamtoka hata shuka likalowa, na suruali zake zikahitaji kamba. Hapo jamaa yetu ikagawanyika. Shangazi yetu alisema huo ni mkono wa mlozi, yaani jirani aliyegombana na Baba juu ya mpaka wa shamba, akataka twende kwa mlaguzi. Sisi watoto wanne, tuliokwenda shule, tuliyakataa maneno hayo. Tulisema kwa sauti ya chini: «Ni kifua kikuu.» Basi, tukamtengea Baba kikombe chake, sahani yake na kijiko chake. Mama aliviosha kwa maji ya moto, mbali na vyombo vingine. Tukawapelekea habari ndugu zetu wa Uvira wasije kumtazama. Baba aliyaona yote, wala hakusema kitu. Mtu aliyekula pamoja na watoto wake siku zote, sasa alikula peke yake pembeni, akitazama ukuta.

Tulijiona wenye busara. Lakini usiku, kwa ajili ya baridi ya mji wetu, tulifunga madirisha yote. Na mjukuu wake mpenzi, mtoto wa dada yetu, mwenye miaka 4, aliendelea kulala chumbani mwa babu yake. Tulikiogopa kikombe; hewa hatukuiogopa. Likumbukeni neno hili, kwa maana tutalirudia.

Hatimaye Baba alitema makohozi yenye damu, na mabishano yakaisha. Tuliuza mbuzi ili tulipe picha. Katika Kongo yetu watu huiita picha hiyo «radio», kwa kufuata Kifaransa. Shangazi aliposikia hivyo alishangaa: «Radio? Nyumbani iko radio, tena yasema vizuri. Ya nini kuuza mbuzi kwa kusikiliza nyingine?» Tulicheka wote, hata Baba, ingawa kicheko kilimletea kikohozi.

Hospitalini walimwambia avue shati, aegemeze kifua chake juu ya kibao, atoe mabega mbele, avute pumzi nyingi na kuizuia. Mlango ukafungwa, ukasikika mlio mfupi, kazi ikaisha. Baba alitoka akisema: «Ni hiyo tu? Mbona haikuniuma?» Nasi tulijiuliza mashine hiyo imeona nini kwa nukta moja. Baadaye tulitafuta kujua, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Zamani waganga hawakuwa na njia ya kutazama ndani ya kifua cha mtu aliye hai. Walikigonga kwa vidole, kama mtu agongavyo pipa ajue kama limejaa au ni tupu. Tena walitega sikio juu ya mbavu. Mwaka 1816 mganga Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka juu ya kifua cha mgonjwa, akausikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Ndio mwanzo wa kile chombo ambacho waganga hukivaa shingoni. Laennec alijifunza sauti za mapafu kwa bidii kubwa, lakini yeye mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1826. Alisikia mengi, ila kuona hakuweza.

Kuona kulianza tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa gizani, akipitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa. Aliifunika chupa kwa karatasi nyeusi, hata hivyo kibao kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kiling'aa. Alitambua ya kuwa miali isiyoonekana imepenya karatasi. Kwa kuwa hakuijua tabia yake aliiita «X», ile herufi wenye hesabu waitumiayo kwa kitu kisichojulikana. Mwezi wa Desemba alipiga picha ya mkono wa mkewe. Mifupa ikaonekana, na pete kidoleni. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia. Naye hakutaka kuufanya uvumbuzi wake kuwa mali yake peke yake. Aliwaachia watu wote waitumie miali hiyo.

Jambo lenyewe si gumu kufahamu. Miali hupita kwa urahisi katika hewa, kwa shida katika nyama na damu, na kwa shida zaidi katika mfupa. Mahali inapopita kwa wingi, picha huwa nyeusi. Mahali inapozuiwa, picha hubaki nyeupe. Mapafu ya mtu mwenye afya yamejaa hewa, kwa hiyo huonekana meusi. Mbavu na moyo huonekana vyeupe. Usaha, maji au kovu vikichukua mahali pa hewa, weupe hutokea pasipotakiwa weupe. Miali hutoka upande wa mgongo, kwa maana moyo uko mbele; ukiwa karibu na kibao, hauonekani mkubwa kuliko ulivyo. Na mtu huzuia pumzi ili mapafu yatanuke na picha isitikisike.

Wengine huogopa wakidhani mashine hiyo yanyonya damu au yachoma mapafu. Si kweli. Miali ya picha moja ya kifua yalingana na ile ambayo kila mtu huipata kwa siku chache tu kutoka udongo, mawe na anga. Hata hivyo haifai kuicheza bure. Mama mwenye mimba lazima aseme mapema, ili mganga apime kama picha yahitajiwa.

Sasa turudi kwa Baba. Mganga aliyeisoma picha yake alikuwa mwanamke kijana, mwenye maneno machache. Tuliona mapafu mawili yamejaa madoa madogo, kama mchele uliomwagika juu ya kitambaa cheusi. Mioyo yetu ilizama. Mganga aliuliza: «Baba, mlifanya kazi gani katika ujana wenu?» Baba akamwambia. Mganga akatikisa kichwa, akasema: «Madoa haya yafanana na silikosi, ugonjwa wa vumbi la mwamba. Lakini picha haina mdomo. Yaonyesha kivuli, haitaji jina la kivuli. Tupime makohozi.»

Neno hilo twalishika hata leo. Kivuli cheupe chaweza kuwa kichomi, nacho mara nyingi hukamata sehemu moja ya pafu. Chaweza kuwa maji yaliyokusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hayo hutulia chini na kufanya kama ufuko wa ziwa. Chaweza kuwa kifua kikuu, kipendacho sehemu ya juu, karibu na mtulinga, na mara nyingi hutoboa tundu. Chaweza kuwa saratani, au kovu la ugonjwa uliokwisha kupona. Na pengine kikohozi hakitoki mapafuni, bali moyo umechoka: kwa kawaida upana wa moyo wa mtu mzima haupiti nusu ya upana wa kifua, na ukipita, mganga atautafuta ugonjwa huko. Ndiyo sababu mganga mwema huiuliza picha kama hakimu anavyomwuliza shahidi. Humsikiliza, lakini hamhukumu mtu kwa shahidi mmoja.

Makohozi ya Baba yalitazamwa kwa darubini. Jibu likaja: hakuna kijidudu. Lo! Tulifurahi mno. Ni vumbi tu, tulisema. Baba alikuwa mkweli tangu mwaka 2011. Tulianza kukunja mikeka yetu ili turudi nyumbani. Ndugu yetu mdogo alikwisha kutafuta gari.

Ndipo Mama, aliyekaa kimya siku zote mbili, aliposimama. Alifungua kitambaa alichokibeba kifuani, akatoa ile bahasha ya kaki. Akamwambia mganga: «Mwanangu, mimi sijui kusoma picha. Lakini hii ni ya zamani. Labda itakusaidia.»

Mganga aliziweka picha mbili juu ya taa, moja kando ya nyingine. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akatuita sote, akatuonyesha kwa kalamu. «Tazameni. Madoa haya yalikuwako mwaka 2011, na leo yako, yameongezeka kidogo tu. Hilo ni vumbi. Lakini hapa, chini ya mtulinga wa kuume, mwaka 2011 palikuwa wazi. Leo pana wingu, na katikati ya wingu pana tundu. Hili si vumbi la zamani. Hiki ni kitu kipya. Baba haendi nyumbani.»

Alitueleza ya kuwa mapafu yaliyojeruhiwa na vumbi la mwamba hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu mengine. Kwa hiyo magonjwa hayo mawili hukaa pamoja, na la kwanza laweza kulificha la pili. Tena darubini huviona vijidudu vikiwa vingi tu. Na Baba, kwa aibu, alikuwa ametoa mate badala ya makohozi. Kesho yake asubuhi na mapema muuguzi alimfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa toka ndani. Makohozi hayo yakatiwa katika mashine nyingine, itafutayo alama ya kijidudu chenyewe na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Jibu lilikuwa: ni kifua kikuu.

Fikirini, wasomaji wetu. Kama Mama angaliitupa bahasha ile, au kama watoto wangaliichezea, sisi tungalimrudisha Baba nyumbani siku ile ile, kwa furaha, akafe.

Mganga akauliza tena: «Nani hulala chumba kimoja na mzee?» Dada yetu akainamisha kichwa. Mtoto aliletwa. Kwa miezi miwili alikuwa na homa za jioni, naye hakuongezeka uzito. Sisi tulidhani ni minyoo. Watoto wadogo hawajui kutoa makohozi, na hata wakitoa, vijidudu vyao huwa vichache. Kwao picha ya kifua husaidia sana. Picha ya mtoto wetu ilionyesha tezi zilizovimba kwenye shina la pafu. Naye pia alikuwa ameambukizwa, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza.

Hapo mganga alituambia neno lililotuchoma. Tulikuwa tumemweleza kwa majivuno jinsi tulivyotenga kikombe na sahani. Akasema: «Kifua kikuu hakipiti katika kikombe wala katika sahani. Hupita katika hewa, mgonjwa akikohoa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mlimwondoa mzee mezani, mahali ambapo vyombo vyake havikumdhuru mtu. Mkamwacha mtoto chumbani mwake, madirisha yakiwa yamefungwa.» Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa wakali pasipohitaji ukali, na wazembe palipohitaji ulinzi.

Dawa za kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bure. Baba alikunywa namna nne za dawa kwa miezi 2, kisha namna mbili kwa miezi 4. Mwezi wa tatu alijisikia mzima, akataka kuziacha. Mama alimkalia kila asubuhi mpaka ameze mbele yake. Alifanya vema, kwa maana mwenye kuziacha njiani huvipa vijidudu nafasi ya kuzoea dawa, na ugonjwa hurudi na nguvu mpya. Mtoto naye alimaliza dawa zake, akanenepa. Picha ya mwisho ya Baba yaonyesha wingu limekauka, limebaki kovu. Lakini yale madoa ya mchele yako pale pale. Vumbi likiisha kuingia mapafuni halitoki tena, wala hakuna dawa ya kuliondoa.

Kwa hiyo twawaambia ninyi vijana mnaochimba dhahabu katika milima ya Kivu, nanyi akina mama wa Kamituga mnaotwanga mawe: lowesheni mwamba na mawe kwa maji kabla ya kutoboa na kutwanga, fanyeni kazi mahali penye upepo, wala msikitegemee kitambaa cha mdomoni peke yake. Vumbi linalodhuru zaidi ni lile dogo lisiloonekana kwa macho.

Siku hizi macho ya waganga yameongezeka. Iko ekografia, itumiayo sauti zisizosikika na sikio, nayo huonyesha vizuri maji yaliyo kifuani na mahali pa kuyatoa kwa sindano. Iko skana, ikatayo picha ya kifua vipande vipande kama mkate, hata mganga aone kilicho nyuma ya moyo au nyuma ya ubavu. Ila hutumia miali mingi zaidi, tena bei yake ni kubwa. Skana ya kwanza kutumiwa kwa mgonjwa ilifanya kazi Uingereza mwaka 1971. Mmoja wa wawili waliopewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 kwa kazi hiyo ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria jambo hilo katika hospitali ya Cape Town. Tena tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni limekubali programu za kompyuta zisome picha za kifua za watu wenye miaka 15 na zaidi, ili kuchagua wale wanaostahili kupimwa makohozi. Jambo hilo lafaa sana mahali pasipo na mganga wa kusoma picha. Lakini hata kompyuta haitaji jina la kivuli. Baada yake makohozi lazima yapimwe, na mtu lazima aulizwe habari za maisha yake.

Akina baba na akina mama, mambo tunayowaomba ni machache. Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, msingoje damu kama tulivyongoja sisi, mpelekeni hospitalini. Mwambieni mganga kazi zote mlizofanya, hata zile za zamani. Akiombwa makohozi, mgonjwa asione aibu, atoe makohozi ya kweli. Fungueni madirisha. Na ile bahasha, itunzeni mahali pakavu, mwichukue kila mwendapo kwa mganga. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Baba yungali hai. Hupanda mlima wetu polepole, na sasa hajifanyi kutazama ziwa. Akichoka asema: «Nimechoka,» nasi twasimama pamoja naye. Hula mezani na wajukuu. Kile kikombe chake Mama alikirudisha kabatini pamoja na vingine, na leo hakuna kati yetu awezaye kukitambua.